Wananchi wakishapiga kura, majaji wana mamlaka gani ya kutengua? Tuitazame kesi ya California, 1964 hadi 1967

Karani Mstaafu (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu.

Tarehe 3 Novemba 1964 wapiga kura wa jimbo la California nchini Marekani walifanya mambo mawili siku moja, kwenye karatasi moja, ambayo mpaka leo napata taabu kuyaweka pamoja. Walimpa ushindi mkubwa Rais Lyndon Johnson, ambaye miezi minne tu kabla yake alikuwa ametia saini Sheria ya Haki za Raia. Halafu, wakishuka chini ya karatasi hiyohiyo, wakapitisha Pendekezo Namba 14, lililoingiza ndani ya katiba ya jimbo lao haki ya mwenye nyumba kumkataa mpangaji au mnunuzi yeyote bila kuulizwa sababu. Pendekezo hilo lilipata kura zaidi ya milioni nne na nusu, takribani asilimia 65 ya kura zilizopigwa juu yake, kiasi kilichozidi hata kura ambazo Johnson mwenyewe alizipata jimboni humo. Kufikia katikati ya mwaka 1967 lilikuwa limekwisha nguvu, kwa kuwa mahakama mbili zilikuwa zimelitengua.

Nimeileta kesi hii kwa sababu mimi nimefanya kazi ya ukarani wa mahakama kwa miaka mingi, na swali lililokuwa likinifuata hadi barazani kwangu jioni ni hilihili: watu wakishaamua wenyewe, jaji ni nani hata awapinge? Naamini kwa dhati kwamba majaji wa kesi hii walifanya sawa, na ninataka kueleza kwa nini, bila kudharau uzito wa kura za wananchi.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Kwa miaka mingi hati za nyumba katika miji kama Los Angeles zilikuwa na sharti lililoandikwa waziwazi kwamba nyumba hii isiuzwe kwa mtu asiye mzungu wala asikae humo, isipokuwa kama mtumishi wa nyumbani. Mwaka 1948, katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer iliyotoka Missouri, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mahakama haziwezi kutumika kuyatekeleza masharti ya aina hiyo. Masharti yakabaki kwenye karatasi yakiwa hayana meno, lakini madalali na wenye nyumba hawakuhitaji meno ya mahakama. Ilitosha kusema chumba kimeshachukuliwa. Bunge la California likapitisha sheria ya mwaka 1959 inayojulikana kwa jina la Unruh, iliyokataza ubaguzi katika shughuli za biashara, na mwaka 1963 ikafuata Sheria ya Rumford, iliyohusu nyumba mahususi.

William Byron Rumford alikuwa mfamasia mwenye duka lake la dawa mjini Berkeley, mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuingia katika bunge la jimbo kutoka kaskazini mwa California. Muswada wake ulipita saa za mwisho kabisa za kikao cha bunge, huku waandamanaji wakiwa wamepiga kambi ndani ya jengo la bunge mjini Sacramento. Wala haukuwa muswada wa kutisha. Uligusa majengo yenye fleti tano au zaidi na nyumba zilizojengwa kwa msaada wa fedha za umma, na aliyekataliwa alipaswa kupeleka malalamiko yake kwenye tume badala ya kukimbilia polisi.

Chama cha madalali wa nyumba cha California hakikukubali. Kikakusanya saini na kulifikisha Pendekezo Namba 14 mbele ya wapiga kura. Naomba tuyasome maneno yake kwa utulivu, kwa tafsiri yangu: Jimbo, au sehemu yake yoyote, au chombo chake chochote, hakitanyima, kubana wala kupunguza, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka, haki ya mtu yeyote anayetaka kuuza au kupangisha mali yake ya kukataa kuuza au kupangisha kwa mtu au watu kadiri atakavyochagua kwa hiari yake kamili.

Tafuta humo neno "rangi", hulioni. Tafuta "mweusi", halimo. Mtu akikuonyesha sentensi hiyo bila kukuambia imetoka wapi, utadhani ni kifungu cha kawaida cha haki ya kumiliki mali. Ni hapo ndipo ukarani ulinifundisha kusoma polepole, kwa sababu nguvu ya kifungu mara nyingi haiko kwenye neno linalong'aa. Iko kwenye maneno "au sehemu yake yoyote, au chombo chake chochote". Maana yake ni kwamba halmashauri ya jiji la San Francisco ikitaka kuwalinda wakazi wake, haiwezi. Bunge la jimbo likitaka, haliwezi. Gavana hawezi, tume haiwezi, na jaji wa jimbo akipelekewa shauri hana sheria ya kushika mkononi. Mwananchi mwenye shida ya maji huenda kwa diwani wake; mwenye shida ya kodi humwendea mbunge. Lakini aliyekataliwa nyumba kwa sababu ya rangi au dini yake, ili alindwe, alitakiwa kwanza aibadilishe katiba ya jimbo zima, yaani awashawishi walewale mamilioni waliokwisha kumfungia.

Sasa waje wenye shauri. Lincoln Mulkey alikuwa amelitumikia jeshi la majini la nchi yake. Mwaka 1963 yeye na mkewe Dorothy walitaka kupanga fleti mjini Santa Ana, wakakataliwa kwa sababu ni weusi. Wakafungua kesi dhidi ya mmiliki, Reitman, wakitegemea sheria ile ya mwaka 1959. Kesi ikiwa bado inaendelea, Pendekezo Namba 14 likapita, na upande wa mmiliki ukaiambia mahakama kwamba sheria mnayoitegemea imekwisha kuzimwa na wananchi. Mahakama ya chini ikakubali. Pamoja na kesi hiyo ilisikilizwa nyingine, ya akina Prendergast, mume mweusi na mke mzungu, ambao wao walikuwa wamekwisha kupanga na kuhamia. Notisi ya kuondoka ikawafuata ndani kwa sababu ya rangi ya mume.

Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya California, kwa majaji watano dhidi ya wawili, ikatamka kwamba kifungu hicho kinavunja Marekebisho ya Kumi na Nne ya Katiba ya Marekani, yale ya mwaka 1868 yasemayo kwamba jimbo lisimnyime mtu yeyote ulinzi sawa wa sheria. Tarehe 29 Mei 1967 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa watano dhidi ya wanne, ikakubaliana nayo.

Jaji Byron White, aliyeandika hukumu ya wengi, alianza kwa kukiri jambo ambalo wengi hulisahau: jimbo halilazimishwi kuwa na sheria ya kuzuia ubaguzi wa watu binafsi, na kuifuta tu sheria iliyokuwepo si kosa kwa yenyewe. Kosa lilikuwa kwamba California haikurudi pale ilipokuwa kabla ya 1959. Ilipiga hatua zaidi, ikaichukua haki ya kubagua na kuipandisha hadi kwenye katiba, ikawa ni sera ya msingi ya jimbo ambayo hakuna chombo cha serikali kinachoweza kuigusa. Mwenye nyumba anayebagua hakuwa tena mtu binafsi mwenye roho mbaya. Sasa alikuwa na katiba mfukoni inayomwambia endelea. Hapo serikali imeingia ndani ya ubaguzi wenyewe, na serikali ikishaingia, Marekebisho ya Kumi na Nne nayo yanaingia.

Nakaribisha michango, hasa ya wasiokubaliana nami.

Mwananchi Huru

Mkuu Karani, nakushukuru kwa uchambuzi, lakini sijashawishika. Umesema watano dhidi ya wanne. Maana yake ni kwamba jaji mmoja tu angelala upande wa pili, kura zile milioni nne na nusu zingesimama. Je, huo ndio utawala wa watu? Tena umekiri mwenyewe kwamba bunge lingeweza kuifuta Sheria ya Rumford asubuhi moja na mahakama isingekuwa na neno. Kama wawakilishi wanaweza kuifuta, kwa nini wenye nchi wenyewe wasiweze? Naona majaji wamewapa wabunge uhuru ambao wamewanyima waliowatuma.

Karani Mstaafu

Ndugu Mwananchi Huru, hoja yako ni nzito, na wala huko peke yako. Ndiyo iliyokuwa kiini cha hukumu ya wachache iliyoandikwa na Jaji John Harlan, mjukuu wa yule Jaji Harlan ambaye mwaka 1896 alisimama peke yake kupinga mabehewa ya reli ya kutenganisha watu kwa rangi. Harlan mjukuu alihofia kwamba mabunge yatasita kutunga sheria za kuzuia ubaguzi kama yataona kwamba sheria hizo zikishaingia haziwezi kutoka. Ni hofu ya mtu anayewatakia mema wanaobaguliwa.

Hata hivyo, naomba tutofautishe kufuta na kufunga. Uhuru wa wapiga kura wa kufuta Sheria ya Rumford haukuguswa. Ronald Reagan aliyemshinda Gavana Pat Brown mwaka 1966 aliipinga sheria hiyo waziwazi wakati wa kampeni, na jitihada za kuifuta bungeni zilifanyika bila kufanikiwa. Mlango huo ulibaki wazi kwa kila upande. Kilichokataliwa ni kile cha pili, yaani kuuondoa ufunguo ili kundi fulani la wananchi lisiweze kuomba tena jambo ambalo wengine huliomba kila siku.

Na hapa kuna jambo ambalo kwangu mimi ndilo lenye nguvu kuliko yote katika mjadala huu. Mjini Akron, katika jimbo la Ohio, halmashauri ilipitisha kanuni ya kuzuia ubaguzi wa nyumba mwaka 1964. Wapiga kura wa mji huo wakajibu kwa kubadilisha katiba ya mji, wakaweka sharti kwamba kanuni yoyote ya nyumba inayogusa rangi, dini au asili ya mtu isianze kufanya kazi mpaka wapiga kura wenyewe waikubali kwanza. Kanuni nyingine zote, za kodi, za majengo, za uhusiano wa mwenye nyumba na mpangaji, ziliendelea kupita halmashauri kama kawaida. Nellie Hunter alikwenda kwa dalali kutafuta nyumba. Dalali alikuwa na orodha mkononi, akamwambia kwamba hawezi kumwonyesha hata moja kwa kuwa wenye nyumba wameagiza zisionyeshwe kwa watu weusi. Mtafakari mama huyo amesimama pale: orodha ipo, nyumba zipo, na anayemhudumia hana hata haja ya kumdanganya.

Kesi yake ilipofika Mahakama ya Juu mwaka 1969, majaji wanane dhidi ya mmoja waliitengua kura ile ya Akron, na mmoja wa wanane hao alikuwa Jaji Harlan. Aliandika maoni yake mwenyewe akieleza kwamba sheria inayopanga namna mamlaka yanavyotumika inaweza kumwia mtu ngumu leo na rahisi kesho, na hilo si tatizo maadamu kanuni ni moja kwa wote. Bali sharti la Akron lilikuwa limetungwa kwa makusudi ya kuwawekea watu wa rangi na dini fulani kikwazo ambacho wengine hawakuwekewa. Kwa hiyo hata yule aliyekuwa upande wako mwaka 1967 alikuwa na mpaka wake, na wapiga kura wa Akron waliuvuka.

Kuhusu tofauti ya kura moja, ni kweli inaumiza kichwa. Lakini hukumu ya majaji ina jambo ambalo karatasi ya kura haina: kila upande umelazimika kuandika sababu zake na kuzitia saini, na kwa sababu hiyo leo wewe na mimi tunaweza kuzipima hoja za Harlan na za White. Kura milioni nne na nusu hazikuacha sababu hata moja iliyoandikwa.

Binti Ujiji

Kaka Karani, naomba niulize kama mwenye nyumba. Mimi nimejenga vyumba vinne kwa jasho langu, tofali kwa tofali, kwa fedha za biashara ya dagaa. Kwa nini serikali iniambie nani aishi humo? Nikimpangisha mtu asiyelipa, serikali haiji kunilipia.

Karani Mstaafu

Dada yangu, swali lako ndilo waliloliuliza mamilioni ya watu wa California, na siamini kwamba wote walikuwa na chuki. Wengi walikuwa wenye nyumba za kawaida walioambiwa kwamba mali yao iko hatarini.

Kwanza, vyumba vyako vinne visingeguswa hata na kile kifungu cha Rumford cha majengo ya kupangisha, ambacho kilianzia fleti tano. Pili, hakuna sheria kati ya zile iliyokuzuia kumkataa asiyelipa, mlevi, mgomvi, au mwenye sifa mbaya kwa mwenye nyumba wake wa zamani. Uliruhusiwa kumpima mtu kwa matendo yake. Ulichokatazwa ni kumkataa kabla hajafungua kinywa.

Nitakusimulia moja. Nilipofika Dar es Salaam nikiwa kijana, dalali mmoja alinizungusha siku nzima. Nyumba ya tatu tuliiona, chumba kina dirisha zuri la upande wa mwembe, nikawa nimekwisha kukipenda. Mwenye nyumba akaniuliza kwetu ni wapi, nikamjibu, akasema chumba kimelipiwa jana. Siku mbili baadaye mfanyakazi mwenzangu alihamia chumba hichohicho, na aliponikaribisha chai niliketi chini ya dirisha lile nikiwa sina la kusema. Nilipata pengine, sikufa. Lakini mimi ilikuwa mlango mmoja katika mji wenye milango mingi, na hakukuwa na kifungu cha katiba kilichompa yule bwana haki ya kunifanyia vile. Akina Mulkey walikutana na mtaa baada ya mtaa, kisha jimbo zima likapiga kura kwamba milango hiyo ilindwe.

Mpwani wa Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Nina swali dogo kwa mwanzisha uzi. Sisi Kenya tulipiga kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010 na kuipitisha Katiba kwa takribani asilimia 67. Ibara ya 2 yenyewe inasema kwamba uhalali wa Katiba hii hauwezi kupingwa mbele ya mahakama yoyote. Je, huoni kwamba sisi tumemfungia jaji mlango ambao Marekani wameuacha wazi?

Karani Mstaafu

Ndugu Mpwani, umegusa mahali ambapo wengi huchanganya mambo, na nashukuru. Kura yenu ya 2010 iliizaa sheria iliyo juu ya zote, hivyo jaji wenu hana mahali pa juu zaidi pa kusimama ili aihukumu. Kura ya California ilibadilisha katiba ya jimbo, ambayo ina katiba nyingine juu yake, na hiyo ya juu nayo ilitokana na watu, wakiwemo watu wa majimbo mengine na watu wa vizazi vilivyopita. Jaji White hakuweka maoni yake juu ya kura za wananchi. Aliiweka ahadi ya mwaka 1868 juu ya kura za 1964, jambo ambalo kila aliyeapa kuilinda Katiba ya Marekani ameapa kulifanya. Jaji wa Nairobi akiletewa sheria inayomnyima mtu usawa unaolindwa na Ibara ya 27, atafanya vivyo hivyo, na atakuwa ameitii kura yenu ya 2010 wala hajaipinga.

Mwananchi Huru

Nimekuelewa kuhusu Akron, na pale nakubali. Bado nina wasiwasi mmoja: mlango huu ukishafunguliwa, si kila atakayeshindwa kwenye kura atakimbilia kwa majaji akilia usawa?

Karani Mstaafu

Watakimbilia, na wengi watarudi mikono mitupu. Mwaka 1971, kutoka California hiyohiyo, kulifika kesi ya watu maskini waliopinga kifungu cha katiba ya jimbo kilichotaka mradi wowote wa nyumba za serikali za bei nafuu upigiwe kura kwanza na wakazi wa eneo husika. Kwa macho yangu ilifanana sana na ile ya Akron. Mahakama ya Juu ikaikataa, kwa watano dhidi ya watatu, ikisema kwamba sharti hilo halikutaja rangi na kwamba kura za maoni ni desturi ya kidemokrasia inayostahili heshima. Jaji Thurgood Marshall alipinga, akisema kuwabagua maskini kwa umaskini wao nako ni ubaguzi ambao katiba haiwezi kuufumbia macho. Mimi niko na Marshall. Lakini kwa wasiwasi wako, ndugu yangu, kesi hiyo ni ushahidi kwamba majaji hawakuishika kalamu ya kufuta wakazunguka nayo nchi nzima.

Na wapiga kura wa California hawakunyang'anywa chochote ambacho wasingeweza kukidai tena. Majaji wa jimbo lao hukabiliwa na kura ya kuwabakisha au kuwaondoa, na baadhi ya waliotoa uamuzi wa 1966 walikutana na kura hiyo mwaka huohuo, hasira zikiwa bado mbichi, hawakuondolewa. Kifungu chenyewe, cha 26 katika ibara ya kwanza, kilibaki kimechapishwa ndani ya katiba kwa miaka saba baada ya hukumu ya Washington, kikisomeka lakini hakitumiki. Mwezi Novemba 1974 wananchi wa California waliletewa marekebisho ya sura yao ya haki, yakiwemo ya kukiondoa kifungu hicho, na safari hii waliokiondoa walikuwa wapiga kura.